Sauti Moja ya Wenye Misitu

Takribani asilimia 60 ya misitu ya Umoja wa Ulaya ni mali ya watu binafsi, na wengi wao ni familia zilizorithi vipande vidogo. Mwenye hekta chache za misonobari huko Finland hawezi peke yake kusikika Brussels, ambako huandikwa kanuni zinazogusa mbao zake, udongo wake na hata ndege wa msituni mwake. Ndiyo maana nawapongeza kwa dhati waliounda CEPF, shirikisho la vyama vya wenye misitu kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Mikataba ya Umoja wa Ulaya haikuweka sera ya pamoja ya misitu. Masharti huingia kupitia sheria za mazingira, nishati na biashara, na chama cha nchi moja hakiwezi kuzifuatilia zote kwa wakati.

Wapo wanaosema wenye misitu hawa wanatetea matumbo yao tu. Hoja hiyo ina uzito, kwani wamewahi kupinga masharti ya uhifadhi, na mwenye mali hupenda kujipendelea. Lakini mti wa kaskazini huchukua miaka 60 hadi 100 kukomaa. Anayeupanda huwapandia wajukuu, na sheria isiyotulia humvunja moyo. Tena, mwaka 1999 wamiliki wadogo wa Ulaya ndio waliosukuma kuanzishwa kwa PEFC, mfumo wa kuthibitisha kwamba mbao zimevunwa kwa uangalifu, ambao leo unatumika hata nje ya bara lao. Waliofanya hivyo wanastahili kusikilizwa kabla sheria haijaandikwa, si baada yake.