Mshale Mmoja, Maana Mbili: Uhakiki wa Michoro ya Maandishi katika Kumbukumbu za Msimbo wa DHIS2, kwa Mfano wa Kibaha na Kisarawe

Sehemu hii inahakiki dai kwamba mchoro ulioandikwa kwa maneno na alama za kibodi ni kumbukumbu bora ya msimbo unaoshughulikiwa na wengi kuliko mchoro uliohifadhiwa kama picha. Zana zinazotajwa mara kwa mara ni PlantUML, iliyoanza mwaka 2009, na Mermaid, iliyoanza mwaka 2014. Katika zote mbili, mwandishi huandika majina ya sehemu za mfumo na mishale inayoziunganisha, kisha programu huchora visanduku na mistari.

Hoja ya watetezi wake ina uzito. Mchoro wa aina hii hukaa katika hazina ileile ya msimbo. Anayebadili msimbo anaweza kubadili mchoro papo hapo, na mkaguzi akaona mstari uliofutwa na ulioongezwa. Picha haitoi nafasi hiyo. Kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na yenye washirika katika nchi nyingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, faida hiyo si ndogo.

Hata hivyo, kuonekana kwa badiliko si sawa na kuonekana kwa kosa. Tuchukue takwimu za MTUHA mkoani Pwani. Katika zama za karatasi, zahanati ya Kisarawe ilijumlisha rejista zake na kupeleka ripoti wilayani. Wilaya ikapeleka Kibaha, yaliko makao makuu ya mkoa. Mkoa ukapeleka wizarani. Utaratibu huo ukiandikwa kwa Mermaid hutoa mstari mmoja:

Zahanati --> Wilaya --> Mkoa --> Wizara

Mstari huu hauna kosa la kisarufi, na zana itauchora bila kipingamizi. Lakini kwa DHIS2 si sahihi. Takwimu zikishaingizwa wilayani Kisarawe hukaa katika kanzidata moja ya kitaifa; ofisi ya Kibaha na wizara huzisoma humohumo, kila moja kwa ngazi yake. Hakuna kinachotumwa kutoka Kisarawe kwenda Kibaha. Linalobaki kuwa kweli ni kwamba wilaya imo ndani ya mkoa, na mfumo huzihifadhi ngazi hizo kama mti. Mshale umebebeshwa maana mbili: kuwa chini ya, na kusafiri kwenda.

Athari yake ni ya kiutendaji. Takwimu za zahanati zikikosekana katika ripoti ya mkoa, anayeufuata mchoro huo atatafuta hitilafu kati ya Kisarawe na Kibaha, mahali pasipo na njia yoyote. Anachopaswa kukagua ni uingizaji, ruhusa za mtumiaji, au majedwali ya uchambuzi. Majedwali hayo huzalishwa kwa ratiba. Hivyo takwimu iliyoingizwa leo inaweza isionekane katika chati hadi yazalishwe upya.

Marekebisho yake ni mafupi:

Wilaya -->|huingiza| Kanzidata
Mkoa -->|husoma| Kanzidata
Wizara -->|husoma| Kanzidata

Kilichoondoa utata hapa ni vitenzi. Vingeweza kuandikwa hata kwenye picha. Maandishi yamerahisisha tu kuviongeza na kuvijadili. Aidha, zana hizi hupokea maneno ya Kiswahili, jambo ambalo watetezi wake hawalipi uzito wa kutosha. Mtunza takwimu wa Kisarawe asiyejua kuandika msimbo hawezi kuukagua mpangilio wa ndani wa programu, lakini anaweza kusema kama ni yeye anayeingiza takwimu au ni mwingine.

Kwa msingi huo, dai linalohakikiwa linakubalika kwa masharti mawili: kwamba mshale usio na kitenzi usipitishwe katika ukaguzi wa msimbo, na kwamba miongoni mwa wakaguzi awemo mtu anayeifanya kazi inayochorwa. Bila hayo, mchoro wa maandishi utahifadhi kosa la zama za karatasi kwa uaminifu uleule unaohifadhi ukweli.