Nani Analipa Kodi ya Hiki Chumba? Kumsoma Marjorie Oludhe Macgoye Leo

Ukisikia mtu akisema riwaya fulani ni "ya mambo ya nyumbani tu", jua matusi yako kwenye hilo neno "tu". Anamaanisha hakuna jenerali, hakuna mapinduzi, hakuna mkutano wa hadhara. Ni mume, mke, jiko na kodi ya mwisho wa mwezi. Marjorie Oludhe Macgoye aliandika hayo hayo kwa miaka mingi, na ndiyo maana bado anatufaa sisi tunaoishi kwenye ploti za vyumba kimoja kimoja.

Maisha yake yenyewe yalikuwa ya kuhamahama. Alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka wa 1928. Akaja Kenya 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, kuuza vitabu chini ya wamisheni wa Kianglikana. 1960 akaolewa na Mluo, Oludhe Macgoye, wakalea watoto wanne. Uhuru ulipokuja akachukua uraia wa Kenya. Aliendelea kuuza vitabu, Dar es Salaam na Nairobi, huku akiandika. Alifariki Nairobi tarehe 1 Desemba 2015, akiwa na miaka 87.

Kitabu kilichompa jina ni Coming to Birth cha 1986, kilichoshinda Tuzo ya Sinclair mwaka huo huo. Wengi wetu tulikutana nacho shuleni, tukakikariri ili tupite mtihani, tukakisahau. Hebu kirudie bila mwalimu.

Paulina ana miaka 16. Mwaka ni 1956. Anashuka treni ya kutoka Kisumu kuja kuishi na mumewe Martin kwenye chumba cha Pumwani. Mimba inatoka. Akiruhusiwa kutoka hospitali anapotea njia, mji mzima haumjui. Akifika nyumbani baada ya kuhangaika, Martin anamchapa na kumfungia ndani, kwa sababu haamini kwamba mwanamke anaweza kupotea hivi hivi bila kuwa na mwanamume.

Sasa angalia Macgoye anafanya nini hapo. Hatuhubirii kuhusu ukoloni. Serikali inamdai mtu mweusi karatasi kila kona, na Martin naye anamdai mkewe maelezo kila saa. Amri za barabarani zimeingia hadi chumbani. Hilo halisemwi popote. Unaliona kwa jinsi mlango unavyofungwa.

Baadaye Paulina anarudi Kisumu, anasomea kazi za ushonaji na mambo ya nyumbani, anaanza kupata pesa zake. Anampata mtoto na mwanamume mwingine. Mtoto huyo anauawa kwa risasi Kisumu mwaka wa 1969, ile siku Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali na polisi wakafyatulia umati. Historia nyingi huhesabu maiti za siku ile. Macgoye anatupa moja tu, na ya mtoto mdogo, kisha anatuacha na mama yake kwa miaka inayofuata. Uchungu wa kisiasa unabaki kuwa uchungu wa mtu fulani mwenye jina.

Wasomaji wengi hukwama kwenye mwisho. Mwaka wa 1978, Paulina na Martin wako pamoja tena, na Paulina ana mimba. Nimesikia watu wakilalamika: kumbe mwanamke hukamilika akizaa tu? Na huyu mume mpigaji anasamehewa hivyo?

Lalamiko lina uzito. Martin anashuka kiburi, lakini halipi kwa yale makofi, na Macgoye ana huruma naye kuliko nilivyo nayo mimi. Ila angalia kodi. 1956 Paulina aliingia kwenye chumba cha Martin. Miaka ya sabini, akiwa na kazi kwa familia ya mbunge Nairobi, ni Martin anayekuja kukaa kwake. Funguo zimebadilisha mikono. Mtoto anayekuja anakuja kwenye nyumba ambayo mama ana sauti ndani yake. Hiyo si ndoa ileile iliyokarabatiwa.

Nina malalamiko mengine. Mara nyingine habari za taifa, kifo cha Pinto, cha Mboya, cha JM, zinaingia kwenye hadithi kama taarifa ya redio iliyowashwa chumba cha jirani. Mwandishi anataka tusisahau tarehe, na Paulina anasimama kando kusubiri taarifa iishe.

Ukitaka Macgoye asiyefundisha sana, tafuta The Present Moment, 1987, ambapo wanawake wazee kwenye makao ya Nairobi wanasimuliana walikotoka. Halafu Chira, 1997. Hicho cha pili kinatuhusu watu wa mpakani. Chira kwa Waluo ni ule ugonjwa wa kukonda unaompata aliyevunja mwiko, na Macgoye anaonyesha Ukimwi ukijificha nyuma ya neno hilo. Huku Mundika, barabara ya trela za kwenda Uganda ikipita karibu, hakuna anayehitaji kufafanuliwa jinsi familia inavyoweza kuzika watu na kukataa kutaja kilichowaua.

Kuna swali kama mzaliwa wa Southampton ana haki ya kumwandika Paulina. Mimi naona alijibu kwa kukaa. Alikaa zaidi ya miaka hamsini, akaolewa, akazaa, akauza vitabu, akasikiliza wanawake wakipanga bajeti ya unga. Wapo waliozaliwa hapa ambao hawajawahi kusikiliza hivyo. Anza na Coming to Birth, na safari hii, kila ukifika kwenye chumba kipya, uliza ni nani anayelipa.