Kupika Kwanza, Kutembea Baadaye

Wajukuu walikuja likizo kutoka Dar es Salaam, mimi na bibi yao tukaamua kuwalaza porini. Tukakodi gari lenye hema juu ya paa, tukatoka Tabora kuelekea Itigi. Jua lilikuwa linazama tulipoegesha kwenye miombo, mbele kidogo ya Nyahua. Hema lilitutoa jasho dakika arobaini, ndipo tukawasha moto: ubwabwa, maharage, vyombo, watoto kunawa miguu. Tulipokuja kulala, madumu matatu ya lita 20 yalikuwa yamebaki moja, nalo nusu. Bibi akalitikisa lile dumu, akasema: "Mzee, wenzio walipita huku mamia kwa miguu. Sisi sita na gari tumeshindwa na maji."

Alikuwa ananichokoza, lakini ndani yake mlikuwa na swali la kiufundi: mamia hao walipitaje bila kuishiwa maji? Nchi iliyo kati ya Ugogo na Tura, mlango wa Unyamwezi upande wa mashariki, misafara ya zamani ya wapagazi kutoka pwani iliiita Mgunda Mkali. Vichaka, jua, na visima vilivyo mbali kimoja na kingine. Punda walikuwa wanakufa njiani, mbung'o wakiwemo katika sababu, hivyo kila kitu kilipanda begani mwa mtu. Mtu wa namna hiyo hawezi kubeba maji ya siku mbili juu ya mzigo wake.

Siku ya kawaida msafara uliondoka alfajiri, ukapiga kambi kabla jua halijawa kali. Palipokuwa na masafa marefu kati ya maji na maji, walibadili saa. Msafiri wa Ulaya Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliliandika jina la mwendo huo: tirikeza. Kwangu mimi neno hilo linanukia kuteleka, kuweka chungu jikoni, na ukiutazama mpango wenyewe utaona kwa nini. Asubuhi hamwondoki. Mnabaki kisimani, mnapika, mnakula mkashiba, mnakunywa, mnajaza vibuyu. Jua likishapita utosi mnajitwika mizigo, mnatembea hadi usiku, mnalala pakavu bila kupika. Kabla hakujapambazuka mko njiani tena, na kabla ya joto mnafika maji ya pili.

Hesabu yake ni nzuri mno. Safarini maji hayaliwi na koo tu, jiko nalo linakula: kuchemsha nafaka, kuosha chungu. Tirikeza inaliacha jiko zima kisimani, na kibuyu kinabaki kwa ajili ya koo tu. Kati ya kuondoka maji ya kwanza na kufika maji ya pili haipiti siku nzima. Bei yake ni nyayo, kwa sababu mchanga wa saa nane mchana unaunguza, na wapagazi waliichukia tirikeza kwa haki kabisa.

Sisi tulifanya kinyume chake hatua kwa hatua. Tuliendesha mchana na matumbo matupu, tukapika usiku mahali pasipo na tone.

Lakini saa peke yake haitoshi; mzigo nao ulihitaji akili. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mtumba wa nguo ulivingirishwa ukawa mrefu kama mto wa kulalia, ukavishwa makanda, ukafungwa pamoja na matawi yenye panda ambazo ncha zake zilichomoza upande wa chini. Ukiusimamisha, panda ndizo zinazokanyaga ardhi, nguo haiguswi na unyevu wala mchwa. Nimelitazama lile hema letu la kukodi, lenye zipu tatu na kitabu cha maelekezo, sikuona jambo hata moja lililofikiriwa vizuri kama zile panda.

Sasa jiulize: mtu aliyetua kilo 32 ndiye atafute kuni, achote maji, atwange posho, akate miti ya kibanda? Hapo ndipo naona wageni waliitazama misafara wasiione. Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, na watoto wakiwamo, wamebeba vyungu, mikeka na unga. Wasafiri wa Ulaya waliwaandika kama kundi la wafuasi, mzigo juu ya mizigo. Mimi nasema lile kundi ndilo lililokuwa jiko na nyumba. Msafara ukisimama, huyu yuko kisimani, yule anakata matawi, mwingine ameshainjika. Kambi inasimama sisi tungali tunasoma kitabu cha hema.

Na bila wapagazi hapakuwa na safari, hata ukiwa maarufu kiasi gani. Msafiri Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Msafiri mwenzake, Stanley, alipoondoka Machi alimwacha akisubiri watu watakaotumwa kutoka pwani.

Mwendo wenyewe haukuwa wa haraka. Burton alitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora. Stanley mwaka 1871 alitumia 84. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ina kama kilomita 840 kutoka Dar es Salaam; ukichukua masafa hayo kuwa kipimo, Stanley alikwenda kilomita 10 kwa siku, siku za kupumzika zikiwa ndani yake.

Siku ya pili tukajaribu. Mchana tulisimama kijijini penye bomba, tukapika, tukala, tukaosha vyombo pale pale. Watoto nikawapa kazi ya kirangozi: zamani njia ikigawanyika, kiongozi wa mbele aliiziba ile isiyo yenyewe kwa tawi, au aliipigia mstari kwa mguu, ili wa nyuma wasipotee. Mdogo wao akauliza, "Babu, sasa nyuma yetu kuna nani?" Nikamwambia aweke tu tawi. Akaweka.

Gizani tulikula viazi vilivyopoa. Bibi hakusema neno. Alizunguka nyuma ya gari na tochi, nikamsikia anagonga madumu kwa kidole, moja baada ya jingine.