Insha ya Miguu Sita

Swali la fasihi katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne lina umbo ambalo mwanafunzi wa Buseresere anaweza kukuchorea akiwa amefumba macho. Inatangulia kauli, mara nyingi ndani ya alama za mtajo, isiyojulikana imetoka kinywani mwa nani. Inafuata amri: thibitisha, au jadili, au onesha ukweli wa kauli hiyo. Mwisho inakuja hesabu: tumia vitabu viwili kati ya vilivyoorodheshwa, toa hoja tatu kwa kila kitabu. Tatu na tatu, sita. Juu yake utangulizi, chini yake hitimisho, na kazi imekwisha.

Nataka kulisoma umbo hilo kama tunavyosoma shairi: mpangilio wake, vituo vyake, na sauti inayosema ndani yake. Kinachonisukuma ni ubishi unaosikika sana katika ukanda huu wa dhahabu: watoto wetu wafundishwe kama Wachina au kama Waingereza?

Buseresere ni mahali pazuri pa kuusikilizia ubishi huo. Mji huu wa barabarani uko Wilaya ya Chato, mkoani Geita, nao umeshikana na Katoro ya Wilaya ya Geita hata mgeni asijue amevuka mpaka saa ngapi. China hapa inaonekana kwa macho: pikipiki za bodaboda, jenereta, injini za makarasha, na sasa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, lililojengwa na makampuni ya Kichina na kufunguliwa Juni 19, 2025. Anayetoka Mwanza kuja huku hapangi tena foleni ya kivuko. Uingereza haionekani; inasikika. Imo katika shule ya inglishi midiamu ambayo mzazi anauza mifuko ya mawe ili ailipie ada, na imo katika kidato cha kwanza, ambako mtoto aliyesoma miaka 7 kwa Kiswahili anakutana na fizikia kwa Kiingereza. Vijiweni hukumu ni nyepesi: Mchina anafundisha nidhamu na kukariri, Mwingereza anafundisha kuhoji na kujieleza. Chagua mmoja.

Ukiutazama mtihani wetu wenyewe, uchaguzi huo haupo.

Tunausema mtihani kuwa urithi wa Mwingereza, na nasaba yake ya karibu ni hiyo kweli. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, miaka miwili baada ya nchi kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Huko nyuma zaidi karatasi zilitoka Cambridge, ambako chuo kikuu kilianza kutahini wanafunzi wa shule mwaka 1858. Lakini Waingereza nao walikuwa wageni katika jambo hilo. Hadi katikati ya karne ya 19, kazi ya serikali mjini London ilipatikana kwa kujuana. Mwaka 1847 Thomas Taylor Meadows, mkalimani katika ubalozi mdogo wa Uingereza huko Guangzhou, alichapisha kitabu akidai kwamba dola ya China imedumu muda mrefu kwa sababu inachagua watumishi wake kwa mtihani. Ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ikapendekeza mtihani wa ushindani, wapinzani wakaubeza kuwa ni mambo ya Kichina, na mwaka uliofuata watumishi wa kwenda kutawala India wakaanza kupatikana kwa njia hiyo hiyo. China ilikuwa imewatahini watu wake kwa zaidi ya miaka elfu moja. Iliufuta mfumo huo mwaka 1905, wakati Waingereza wakiusambaza kwenye makoloni.

Basi tuache nasaba, tuje kwenye umbo. Tangu karne ya 15 mtahiniwa wa China aliandika insha iliyoitwa ya miguu minane. Mada ilikuwa kipande cha maneno kutoka katika vitabu vya Konfusio na wafuasi wake. Sentensi mbili za mwanzo ziliipasua mada, zilizofuata ziliipokea, kisha ukaja mlango wa mjadala, halafu jozi nne za aya zilizotembea sambamba, kila sentensi ya upande huu ikiwa na pacha wake upande ule, kwa urefu na kwa mapigo ya sauti. Mwandishi hakusema kwa kinywa chake. Alisema kana kwamba yeye ndiye mwenye hekima wa kale, akikuza yale ambayo mwenye hekima alikwisha kuyasema. Kumpinga hakukuwa sehemu ya zoezi.

Sasa rudi kwenye karatasi yetu. Nitunge mfano mmoja kwa kufuata desturi yake: "Waandishi wa riwaya ni watetezi wa wanyonge." Thibitisha kwa kutumia riwaya mbili, hoja tatu kwa kila riwaya. Kauli haina mwenyewe, lakini ina mamlaka ya andiko takatifu. Limekwisha kuamuliwa kwamba ni kweli. (Swali likisema "jadili", darasani hufundishwa kulijibu kana kwamba limesema "thibitisha". Mwalimu anajua alama ziliko.) Vitabu viwili vinatembea sambamba, tatu huku na tatu kule. Na sauti? Soma daftari lolote la twisheni: "mwandishi ameonesha", "mwandishi amechora", "mwandishi anaitaka jamii". Mtahiniwa hasemi neno "naona". Anasema kwa niaba ya mwandishi, kama yule mtahiniwa wa China aliyesema kwa niaba ya Konfusio.

Tofauti iliyopo haitupi sifa. Insha ya miguu minane ilidai uzuri. Ulinganifu wake ulikuwa sanaa iliyomchukua mtu miaka kuimudu, na wapo walioiandika kwa ustadi mkubwa. Sisi tumechukua hesabu ya miguu, tukaacha muziki.

Tuufungue mguu mmoja tuone ndani. Katika orodha iliyodumu shuleni miaka mingi imo Takadini ya Ben Hanson. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino baada ya kungoja sana. Mila inataka mtoto auawe. Mama anambeba na kukimbilia kijiji cha mbali, anapokewa na mzee Chivero, na mtoto anakua. Kwa msomaji wa huku hizo si habari za kwa wengine. Kanda ya Ziwa imeona mauaji ya watu wenye ualbino, yakihusishwa na waganga wanaouza bahati kwa watafuta dhahabu na wavuvi. Februari 2015, katika wilaya hii ya Chato, mtoto ambaye hakuwa amefikisha hata miaka miwili aliporwa nyumbani kwao, mama yake akajeruhiwa akimtetea, na mtoto akakutwa ameuawa. Sekai wa kitabuni aliwahi kukimbia. Mama wa Chato hakupata nafasi hiyo.

Umbo la mtihani linamfanyia nini msomaji anayeishi kati ya simulizi hizo mbili? Linampa mguu. Mguu una sehemu nne: jina la hoja lililopigiwa mstari, "Mila potofu", sentensi ya kufafanua, ushahidi wenye jina la mhusika, na mkia: hali hii ipo hata katika jamii yetu. Mkia huo ndio nafasi pekee ambayo umbo linaiachia Chato, nao umekaririwa. Ni mkia ule ule utakaofuata hoja ya ulevi, hoja ya rushwa na hoja ya mapenzi. Mwanafunzi aliyezaliwa wilayani humu ana jambo la kusema juu ya Sekai ambalo hakuna msahihishaji aliyewahi kulisoma, lakini kulisema kungemgharimu dakika za hoja ya pili.

Kisha ulinganifu unadai haki yake. Baada ya hoja tatu za Takadini lazima zije tatu za kitabu cha pili, tuseme Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Ulevi wa Mzee Lomolomo unapata aya yenye urefu sawa na tishio la kumuua mtoto mchanga. Peter na Zita, waliofukuzwa shule kwa kukosa ada, wanapata nyingine. Alama za kila aya ni sawa, kwa hiyo uzito wake nao unakuwa sawa. Riwaya haziandikwi hivyo. Mwandishi huamua wapi akawie na wapi apite mbio, na uamuzi huo ni nusu ya maana yake. Miguu sita inaufuta kabla mtoto hajauona.

Mchimbaji wa duara anajua kuthibitisha ni nini. Akiambiwa jiwe lina dhahabu, analiponda, analiosha kwenye karai, anatazama kilichobaki. Huenda pasibaki kitu, na hilo nalo ni jibu. Mtahiniwa wetu haruhusiwi kurudi na karai tupu.

Hata hivyo nisilionee umbo hili. Lilidumu China kwa karne nyingi kwa sababu lilisahihishika kwa haki. Majina ya watahiniwa yalifunikwa, na makarani walinakili kila karatasi upya ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Sisi tuna namba ya mtahiniwa, na nyuma ya namba hiyo mtoto wa mama muuza dagaa wa Buseresere hana tofauti na mtoto wa waziri. Hoja sita zinahesabika. Msahihishaji aliyechoka hawezi kumnyima aliyezitoa, wala kumwongezea aliyezaliwa kwenye nyumba yenye rafu za vitabu. Insha huru, ya mtu kutoa anayoyaona, humpendelea huyo wa rafu. Anayetaka kulivunja umbo aseme kwanza atamlindaje yule mwingine.

Na hao tunaobishania afuatwe yupi, wenyewe wanatazamana kwa wivu. Mwaka 2015 televisheni ya BBC iliwapeleka walimu 5 wa Kichina katika shule ya Bohunt, Hampshire, wakafundisha wanafunzi 50 kwa wiki 4: saa ndefu, gwaride la asubuhi, mwalimu mbele na kalamu mkononi. Watoto walilalamika, walimu nao wakalalamika, na mwishoni nani aliamua mshindi? Mtihani. Kundi la Wachina likapata alama za juu, na mjadala wote wa falsafa za malezi ukageuka tarakimu. China nayo, Julai 2021, ilipiga marufuku makampuni ya twisheni kujipatia faida kwa masomo ya msingi, kwa hoja kwamba watoto wamelemewa. Mzigo haukupungua sana kwa anayengoja mtihani wa kuingia chuo kikuu: mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa milioni 13.42.

Mtu mmoja nchini alizijua nchi zote mbili na hakuomba kibali kwa yeyote. Julius Nyerere alipata shahada yake Edinburgh mwaka 1952, akaizuru China Februari 1965, na Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea. Isome kwa umbo. Inaanza kwa kuuliza elimu ni ya nini, na haikimbilii jibu. Inakiri yaliyofanyika vizuri tangu uhuru. Inahesabu kasoro, ndiyo, lakini miguu yake haina urefu sawa: shamba la shule linapewa nafasi pana, mambo mengine yanapitwa haraka. Ina mtu ndani yake, anayekubali huku na kukataa kule. Ilisema mitihani ishushwe hadhi, kwa kuwa ni 13 tu katika kila wahitimu 100 wa shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaribu kulitekeleza hilo, na alama za maendeleo ya darasani zikaanza kuhesabiwa. China wakati huo ilikuwa imeusimamisha kabisa mtihani wa chuo kikuu tangu 1966, ikaurudisha 1977. Kwetu nako mtihani ulirudi kwenye kiti chake. Leo wanachuo wa ualimu wanaikariri Elimu ya Kujitegemea kwa hoja, ili waitoe kwa hoja.

Mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika tangu Januari 2024, na unasema sana juu ya umahiri. Utapimwa na swali litakalotungwa. Ombi langu kwa Baraza la Mitihani ni dogo. Namba ya mtahiniwa ibaki, jina libaki limefichwa. Lakini katika karatasi ya fasihi liwekwe swali moja, la lazima, la kitabu kimoja, lisilotaja idadi ya hoja, ambamo mtahiniwa ataruhusiwa kusema kwamba kauli aliyopewa si ya kweli na kueleza kwa nini. Na walimu wenzangu wa Buseresere na Katoro wasingoje Baraza: swali kama hilo linaweza kuwekwa kwenye mtihani wa majaribio wa muhula huu.