Sanduku la Kidhibiti Kimoja

Ukiingia katika ofisi ya chama kidogo cha ushirika huko Runyenjes au Nkubu, Kenya, utakuta rekodi za kilo za kahawa, mikopo na makato ya mbolea ya wanachama wote zimehifadhiwa katika sanduku moja la diski lenye kidhibiti kimoja. Benki kubwa hununua masanduku ya vidhibiti viwili: kimoja kikifa, cha pili huendelea na karani hata hajui. Chama kidogo hakina pesa hizo. Kina fundi.

Yupo mmoja ninayemfahamu, anayezungukia wateja wake kwa matatu kutoka Embu hadi Meru. Kazi yake haina cha kutazama, kwa maana ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea.

Anachokiandama kwanza ni uongo wa kidhibiti. Ili kifanye kazi upesi, kidhibiti hupokea kilo za mkulima, huziweka kwenye kache, yaani kumbukumbu yake ya muda, kisha huiambia seva “tayari” ilhali diski haijaguswa. Umeme ukipotea hapo, risiti imeshatoka lakini kilo hazimo popote. Vidhibiti vikiwa viwili, kila kimoja huweza kushika nakala ya kache ya mwenzake. Hiki cha peke yake hutegemea betri ndogo, na betri huzeeka. Ndiyo maana fundi huikagua kila anapofika, na ikianza kulegea hubadilisha mpangilio ili “tayari” isitamkwe kabla data haijafika diskini. Mfumo huwa mzito, karani hunung’unika, naye fundi hasikii. Yuko sahihi. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, haukumpigia mtu hodi.

Kuna wanaodhani kwamba diski zikiwa nzima, data iko salama. RAID, mpangilio wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, husaidia diski ikifa. Kidhibiti kikifa, hilo ni jambo lingine. Kadi nyingi za RAID, ambazo ndizo vidhibiti, hupanga data kila moja kwa namna yake. Ukichomeka ya kampuni nyingine huenda isitambue chochote, na ukikubali inapokuomba uandae diski upya, umekwisha. Kwa hiyo fundi huweka akiba kadi ya aina ile ile, yenye toleo lile lile la programu ya ndani. Wateja wapya huwawekea programu kama ZFS au mdadm ya Linux, ambapo maelezo ya mpangilio hukaa kwenye diski zenyewe, na diski hizo zaweza kusomwa kwenye mashine nyingine.

Kabla ya kuchomoa diski yoyote hubandika kipande cha selotepu ya karatasi, akaandika nambari ya tundu na ya diski kwa kalamu nene, kisha akapiga picha kwa simu. Hana haraka hata kidogo.

Nakala ya akiba ya data ya Embu hulala Meru, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kutoka hapo, na nyingine hufungiwa kabatini bila kuunganishwa na kompyuta yoyote, virusi visiifikie. Kisha fundi huchagua mwanachama yeyote, hurejesha akaunti yake kwenye kompyuta tupu, na karani huilinganisha na daftari hadi senti ya mwisho.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka uwezo huo wa kurejesha data kwa wakati. Basi mwanachama, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, simama uulize: nakala zetu zilirejeshwa lini mara ya mwisho, na nani alizilinganisha?