Namna ya Kupima Ubora wa Rekodi za Barua Pepe za Kikoa

Rekodi za barua pepe huwekwa kwenye DNS ili seva nyingine zijue barua za kikoa zipelekwe wapi na nani ana haki ya kuzituma. Anayeendesha seva yake mwenyewe hutambulika kwa rekodi hizo: zikiwa na dosari, barua halali huishia kwenye taka au hukataliwa kabisa. Zilizowekwa vizuri zote husema jambo moja.

MX hutaja seva inayopokea barua. Sharti iwe na jina, si anwani ya IP, na jina hilo liwe na rekodi yake ya A, lisiwe CNAME.

PTR, rekodi inayotoa jina la anwani ya IP, ndiyo inayomtofautisha fundi makini na anayebahatisha. Huwekwa na mwenye anwani ya IP, yaani kampuni inayokodisha seva, kwa hiyo wengi huisahau. Anwani ikiulizwa ijibu jina la seva, mfano barua.duka.example, na jina hilo likiulizwa lirudishe anwani ileile. Seva nayo ijitambulishe kwa jina hilohilo inaposalimia. PTR yenye jina la jumla la kampuni ni dalili ya kazi iliyoachwa njiani.

SPF hutaja seva zenye haki ya kutuma barua za kikoa, na iliyo bora ni fupi. Kwa seva moja inayotuma na kupokea, hii yatosha:

v=spf1 mx -all

Maana yake, seva zilizotajwa kwenye MX zinaruhusiwa, nyingine zote hapana. Kikoa kinapaswa kuwa na SPF moja tu. Zikiwa mbili, ukaguzi hutoa kosa. Maulizo ya DNS yasizidi 10. Mwisho wa +all haufai hata kidogo, kwani humruhusu yeyote kutuma kwa jina la kikoa.

DKIM hubeba ufunguo wa kuhakiki saini ya kila barua. Ufunguo wa RSA uwe wa biti 2048. Kwa kuwa kipande kimoja cha rekodi ya TXT hakipiti herufi 255, ufunguo huo hugawanywa, na hapo ndipo alama ya ziada huuharibu.

DMARC hudai kikoa kinachoonekana kwa msomaji kilingane na kile kilichopita SPF au DKIM. Huanza na sera ya p=none huku ripoti zinazofika kwenye anwani ya rua zikisomwa, kisha hupanda hadi quarantine au reject. Kikoa kilichobaki kwenye none miaka nenda rudi hakijalindwa. Tangu Februari 2024, Gmail hudai SPF, DKIM na DMARC kwa wanaoipelekea barua 5,000 au zaidi kwa siku.

Hukumu ya mwisho hutolewa na barua yenyewe. Itumwe kwenye akaunti ya nje, vichwa vyake vifunguliwe, na mstari wa Authentication-Results usomwe. Ukionyesha spf=pass, dkim=pass na dmarc=pass, na PTR ikalingana, kazi hiyo ni ya kiwango. Pungufu ya hapo, irudiwe.