Nani Anamsoma Nani?

Huko Marekani unaweza kupata digrii ya uzamili kwa kutusoma sisi. Inaitwa Masomo ya Afrika: historia kiasi, anthropolojia, siasa, fasihi, halafu lugha moja ya huku, mara nyingi Kiswahili.

Si mapenzi yaliyoleta pesa. Warusi walirusha Sputnik Oktoba 1957. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, na sehemu yake ya sita ikaanza kulipia vituo vya kusomea lugha na maeneo ya dunia. Ulinzi, jamani. Hata jina halikujificha. London walitangulia: SOAS ilianzishwa 1916, ikawafunza maafisa wa ukoloni lugha za watu waliokuwa wakienda kuwatawala.

Wapo wanaosema basi yote yatupwe. Mimi siko huko. Hati nyingi za tenzi za pwani, zile za herufi za Kiarabu, ziko SOAS, na kuna watu waliozisoma na kuziorodhesha kwa subira ya kweli. Heshima yao.

Kinachoniudhi ni kwamba barabara hii ina upande mmoja tu. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walihoji kwa nini Idara ya Kiingereza ndiyo ikae katikati pale Nairobi. Mwaka 1969, Montreal, wasomi weusi waliuvamia mkutano wa Chama cha Masomo ya Afrika wakidai sauti. Swali likawa nani atusome. Sawa, lakini sisi tunamsoma nani?

Usiniambie Taasisi ya Confucius, iliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi 2005. Hiyo ni China ikijieleza yenyewe. Mimi (niliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sijifanyi profesa) nataka kijana wa Kayole akae Guangzhou miaka miwili, aandike jinsi mji ule unavyoishi, na aandike kwa Kiswahili.

Na si ati tunaanza na sifuri. Wafanyabiashara wa Nyamakima wanazijua bei, hila na adabu za Guangzhou. Dada zetu waliofanya kazi za nyumbani Riyadh wanakijua Kiarabu cha jikoni, wanajua ndani ya nyumba zile nani humwogopa nani, na pasipoti hufichwa wapi. Wakitua JKIA, swali la kwanza wanaloulizwa ni wamerudi na pesa ngapi.